Listi ya bendi kali za roki: nani amehesabu, na amehesabu vipi?

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu tisa pale Kenyatta Market, nyama bado iko kwa moto, mmoja wetu akatoa kalamu akasema leo hii maneno inaisha, kila mtu aandike bendi kumi za roki anazoona ndio kali zaidi, kutoka namba 1 mpaka 10. Tukararua karatasi za daftari. Nyama ilikuja ikapoa, ugali ukakauka, na watu wazima wenye kazi na watoto wako hapo wanabishana kama Nickelback ni bendi ama ni adhabu.

Wiki nzima hiyo meza haijanitoka kichwani, juu kulikuwa na pande mbili na ukweli usemwe, hakuna upande ulikuwa unaongea upuzi.

Dada mmoja alikataa kabisa kuandika namba. Aliandika majina kumi kwa duara akasema mtafute wenyewe namba 1 iko wapi. Hoja yake ni kwamba Linkin Park ilimshikilia akiwa fomu tatu huko bodini, na Black Sabbath aliijua akiwa mtu mzima anajilipia rent, sasa hizo mbili unazipima kwa mizani gani, si ni kama kumuuliza kati ya shosho yake na chapo nani anaongoza. Halafu akasema namba inapatia watu kiburi. Mtu anasoma listi ya jarida fulani la Marekani, anaikariri, anakuja kukugonga nayo kichwa kama vile imeshuka mlimani na Musa.

Na hapo alikuwa na ushahidi, hakuwa anaongea hewa. Chukua Rolling Stone, hao ndio watu huwanukuu sana. Mwaka 2004 walitoa listi ya nyimbo 500 bora za wakati wote, Bob Dylan akawa namba 1 na Like a Rolling Stone. 2021 wakapiga kura upya na Aretha Franklin akapanda juu na Respect, Dylan akashuka mpaka namba 4. Bohemian Rhapsody ya Queen 2004 haikuwa hata kwa 100 za kwanza, 2021 iko namba 17. Na si walirudi studio kuirekebisha, ngoma ni ileile ya 1975, hakuna noti imeongezwa. Kilichobadilika ni waliopiga kura, na pengine ile filamu ya 2018 kuhusu Queen nayo ilisukuma kidogo. Sasa kama “wakati wote” ya 2004 ilidumu miaka 17, huo wakati wote ni gani?

(Kuna jamaa alilalamika eti Respect hata si roki, ni soul. Ni kweli, lakini listi yenyewe ilikuwa ya nyimbo, hakuna mahali iliandikwa roki peke yake. Watu hawasomi kichwa cha habari.)

Sasa upande ule mwingine. Huyo mwenye kalamu alisema kitu kimoja nikanyamaza: ukiambia watu wataje tu bendi wanazopenda, kila mtu anataja, mnaitikia, mnakula, mnaenda nyumbani. Ukiwaambia wapange, lazima wajitetee. Na kwa kujitetea ndio maneno yenyewe hutoka. Kuna jamaa aliweka Black Sabbath namba 1 tukamcheka eti anajifanya mzee, akatuambia Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikuwa anafanya kazi kiwandani huko Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili, akajitengenezea vifuniko vya kuvaa kwa hivyo vidole, na baadaye akawa analegeza nyuzi za gitaa ndio zisimuumize, na huo mlio mzito unaoskia kwa metali yote, ile roki nzito, mpaka leo una mkono wa hiyo ajali ndani. Mimi nimeskiza Sabbath miaka mingi na hiyo sikuwa naijua. Singeijua kama hatungemcheka namba 1 yake.

Mwingine aliweka Queen juu kabisa, sababu: mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, 1946, kwa hivyo ni mtu wetu. Hii ilileta kelele. Kwanza Mkenya kudai kitu cha Zanzibar ni ujasiri wa aina yake, pili familia yake ilihama kwenda Uingereza 1964 na Queen ilizaliwa London. Lakini mimi sikuona kosa. Alisema sababu yake wazi, unaweza kuipima, unaweza kuikataa. Afadhali huyo kuliko anayeweka Beatles namba 1 juu anaogopa kuchekwa, ukimuuliza ataje albamu mbili anaanza kuitisha kachumbari.

Kwa hivyo mpaka hapo mimi nilikuwa naegemea wenye listi. Shida ilikuja wakati wa kujumlisha.

Tulitumia ile njia ya kawaida, namba 1 inapata pointi 10, namba 2 inapata 9, mpaka namba 10 inapata 1. Watu wanne waliweka Metallica namba 1. Hiyo ni 40. Lakini wale wengine watano hawakuiweka popote, eti ni kelele. Linkin Park hakuna hata mtu mmoja aliiweka namba 1, wala namba 2, lakini wote tisa walikuwa nayo: wanne waliiweka ya tatu, watatu ya nne, wawili ya tano, jumla 65. Ikashinda meza yote. Sasa tazama hiyo kitu vizuri. Bendi bora ya hiyo meza ni bendi ambayo hakuna mtu kwa hiyo meza anaamini ni bora. Hata yule dada wa duara tulipomlazimisha apange aliiweka ya nne, na ndio ilimtoa bodini!

Na mimi nampenda Chester Bennington, mwimbaji wa Linkin Park, kama mtu yeyote, alipofariki 2017 nilikaa vibaya siku kadhaa. Lakini huo si ushindi, ni kama ile nguo ya harusi kamati ilichagua, hakuna mtu ameipenda na hakuna mtu ameikataa.

Walioumia zaidi ni wa nyumbani. Parking Lot Grass walikuwa namba 2 kwa karatasi mbili, hiyo ni pointi 18, wakaanguka nje ya kumi bora. Duma, hao vijana wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walipata kura moja. Si ati watu waliwaskiza wakawakataa, wengi hawajawahi kuwaskia. Sisi wengi masikio yetu yalitengenezwa na X FM 105.5, ile stesheni ya roki, enzi zile iko hewani, na fleshi mliyokuwa mnapeana kwa saiba imejaa nyimbo bila majina, treki 01, treki 02. Ukihesabu kura za watu kama hao unahesabu kile kilichowafikia. Kitu hakijakufikia hakiwezi kukosa kura kwa haki.

Ndio maana nafikiri kosa haliko kwa kupanga, kosa liko kwa kujumlisha. Karatasi moja yenye jina la mwenyewe ina maana, unaona mtu amelelewa na redio gani na alivunjwa moyo mwaka gani, unamkosoa ana kwa ana. Karatasi tisa zikishakuwa moja hakuna wa kuulizwa. Ndio hivyo hata kwa majarida, mimi ningesoma kwa raha kura ya mwanamuziki mmoja kuliko wastani wa mia mbili. Dada wa duara alisema hapo ndio alikuwa anataka tufike, mimi nikamwambia hapana, wewe ulikataa kupanga, mimi nimepanga, Nirvana ni namba 1 na Nickelback ni namba 9 na sitaomba msamaha.

Jumla tuliitupa na mifupa. Karatasi zenyewe nilibeba, ziko kwa droo, ya juu ina doa la kachumbari. Jumamosi ijayo ni zamu ya nyimbo, na dada ametuma meseji kuuliza kama kuna mtu ako na kompasi.