Sare ya Berlin: anayelaumiwa siye

Kijana wa Kigoma kapanda treni, kapita Tabora, kasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam kucheza chesi. Raundi ya kwanza kete nyeusi, na mpinzani anamzidi pointi 200 za kiwango cha FIDE, shirikisho la chesi duniani. Mwendo wa 14 wanapeana mikono: sare. Akirudi anaambiwa aliogopa.

Mchezo wenyewe unajulikana kwa jina la sare ya Berlin (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, x kula, + shaha, O-O mfalme kujificha upande wa ngome): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4 Qd6.

Hapo aliyefunga mlango ni mweupe, yaani mpinzani. Angetaka vita angecheza 4.d3, au 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8, mfalme mweusi abaki katikati. Ndiyo njia aliyoing'ang'ania Kasparov dhidi ya Kramnik kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, London mwaka 2000, na katika michezo 15 hakushinda hata mmoja. Hata mwendo wa 12 angeweza kubadilishana malkia, ila mweusi angebaki na maaskofu wawili kwenye ubao ulio wazi. Akachagua Qd4, inayotishia Re1: malkia mweusi wa e6 angenaswa, mfalme wake yuko nyuma kwenye mstari uleule. Kurudi d6 ni akili, si woga.

Tena hesabu inamtetea. Kwa tofauti ya pointi 200, anayetegemewa kushindwa hutarajiwa kupata 0.24 ya pointi moja ya mchezo. Sare ni 0.5, ziada 0.26. Chipukizi mwenye kizidisho cha 40 (namba inayozidishwa na ziada hiyo) kiwango chake kinapanda pointi 10.4, mpinzani mwenye 20 anashuka 5.2. Nusu pointi kwa nusu pointi, lakini mmoja kapanda na mwingine kalipa.

Walimu wanaosema miendo 14 haimfundishi mtoto kumalizia mchezo wana hoja, na ndiyo maana baadhi ya mashindano hukataza kukubaliana sare kabla ya mwendo wa 30. Kosa la kijana, kama lipo, ni ile mikono. Kurudia nafasi, yaani mpangilio uleule wa kete, mara tatu si makubaliano, ni haki inayodaiwa kwa utaratibu. Asimguse malkia kwanza. Aandike 14...Qd6 kwenye karatasi yake, asimamishe saa, amwite mwamuzi, amwambie mwendo huo unaleta nafasi ileile mara ya tatu, baada ya ile ya mwendo wa 10 na wa 12. Akisogeza kete na kubonyeza saa, zamu hiyo imempita. Na akikosea kuhesabu, mpinzani huongezewa dakika mbili, na mwendo alioandika lazima aucheze.