Asilimia 2.75: Hesabu Ambayo Walalamikaji Hawaifanyi

Tangu Oktoba 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya hospitali, mwajiriwa wa Kenya akifungua hati yake ya mshahara huanza na lalamiko lile lile: asilimia 2.75 ya mshahara mzima, bila kikomo, na hapo bado ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Wizi, husema watu, redioni na ndani ya matatu. Lakini ni wachache wanaoketi kupiga hesabu yenyewe, na wakiipiga hutumia mshahara wao tu.

Haya, tuipige. Kwa viwango vya NHIF vilivyoanza 2015, aliyelipwa shilingi 12,000 kwa mwezi alikatwa 500, zaidi ya asilimia 4 ya mshahara wake. Wa 20,000 alikatwa 750. Wa 100,000 alikatwa 1,700, na ngazi ikaishia hapo. Meneja wa 500,000 alitoa 1,700. Mkurugenzi wa milioni moja naye 1,700, yaani hata asilimia 0.2 haikufika. Ukipima kwa uwezo wa kila mmoja, bawabu alikuwa akibeba mzigo zaidi ya mara ishirini ya ule wa bosi anayemfungulia geti kila asubuhi. Ndiyo NHIF hiyo ambayo leo inaliliwa.

Sasa bawabu huyo wa 12,000 anakatwa 330. Wa 20,000 anakatwa 550. Wa milioni anakatwa 27,500, na hapo ndipo kelele inapotoka. Kuanzia mshahara wa 8,000 hadi kama 32,000, makato yameshuka. Kweli, aliye chini ya 6,000 ameumizwa, kwani kima cha chini kimewekwa 300 naye alikuwa akitoa 150. Kosa hilo lingeweza kurekebishwa kesho. Lakini maelfu ya vibarua wa viwandani na wahudumu wa hoteli waliopunguziwa hawana kipaza sauti, na hakuna anayeitisha kikao na wanahabari kushukuru kwa shilingi 200.

Mwenye mshahara mnono huuliza: mwajiri wangu ameniwekea bima ya kibinafsi, kwa nini nilipie hospitali nisizozikanyaga? Swali ni halali. Lakini Wakenya tumekuwa tukitozana kodi ya ugonjwa miaka nenda miaka rudi, ila tunaiita harambee. Mgonjwa akilazwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, nambari ya kutuma pesa inasambazwa. Mfanyakazi wa benki huchangiwa na wenzake wa benki, na bili inalipwa. Yaya huchangiwa na mayaya. Mchango wa namna hiyo hufuata unaowajua, na waliozungukwa na maskini ndio hubaki wamezuiliwa wodini kwa sababu ya bili.

Upande wa pili una hoja nzito, na iliyo nzito zaidi si ya wenye mishahara. Wafanyakazi wengi wa nchi hii wako nje ya ajira rasmi. Mama mboga na mwendeshaji boda boda hupimwa uwezo kwa maswali kuhusu paa, choo na mifugo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Chini ya NHIF walilipa 500 kila mwezi. Hata mtu akipangiwa kile kima cha chini, ni shilingi 3,600 kwa wakati mmoja, kutoka kwa anayekula alichopata leo. Matokeo yake yanajulikana: mamilioni wamejisajili, wachache wanalipa, na aliyeajiriwa anaona anawabeba wote. Hasira hiyo naielewa.

Kuna pia suala la imani. Mapema 2025 hospitali za kibinafsi ziliwataka wenye kadi ya SHA, mamlaka inayosimamia hazina hii mpya, walipe taslimu, zikidai serikali haijazilipa. Mwezi Machi mwaka huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 unaoendesha mpango huu si mali ya serikali. Tayari Julai 2024 Mahakama Kuu ilikuwa imezitangaza sheria zake kuwa kinyume cha Katiba, kabla ya Mahakama ya Rufaa kusimamisha uamuzi huo. Mtu akiyasikia haya yote na bado ashike pochi yake, huwezi kumwita mbinafsi.

Ila madai hayo yanahusu pesa zinavyokusanywa na zinavyotumika. Hayagusi kanuni ya kila mtu kutoa sehemu ile ile ya pato lake, ingawa ndiyo inayopigwa vita. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote wa Waziri Charity Ngilu, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, na swali la nani alipe likasukumwa mbele miaka ishirini.

Kwa hiyo ningeiacha asilimia ilipo na kuanzia kwa mama mboga. Serikali imeleta Lipa SHA Pole Pole ili apate namna ya kufikia mchango huo wa mwaka. Tokeni za stima ananunua kidogo kidogo kwa simu. Mpango ulioweza kumkata mkurugenzi kila mwisho wa mwezi ungeweza pia kupokea kutoka kwa mama mboga shilingi 70 kwa wiki, na kumpa kadi inayofanya kazi wiki hiyo.