Udhaifu wa chokaa ndio kazi yake

Mwenye nyumba ya matofali iliyojengwa London kati ya 1775 na 1830, enzi za George wa Tatu na wa Nne, akiita mafundi wawili wamtazamie viungo vilivyolika, yaani mota inayoshikanisha tofali na tofali, huenda akapata majibu mawili yasiyopatana. Wa kwanza atasema: kwangua, jaza saruji, wiki moja tumemaliza. Wa pili atasema chokaa, kazi isubiri baridi iishe, na bei yake itapanda. Hoja ya wa kwanza inaeleweka upesi. Ya wa pili husikika kama mapenzi ya watu wa makumbusho, na hapo ndipo inapoonewa.

Tuanze na ukuta wenyewe. Mitaa mingi ya zama zile, hata ya kifahari kama Bedford Square (1775 hadi 1783), ilijengwa na makandarasi waliokodi kiwanja kwa miaka mingi wakitarajia faida. Matofali ya uso yalikuwa ghali, na kuanzia 1784 serikali ikayatoza ushuru. Utazame uso wa mbele: tofali refu, fupi, refu, fupi. Kwa kanuni, lile fupi ni kichwa cha tofali zima lililozama ndani kuushika ukuta wa nyuma. Mkandarasi mbana matumizi alilikata katikati, akapata vichwa viwili kwa bei ya tofali moja. Matokeo yake ngozi ya nje, unene wa kama sentimita 10, imeshikwa na ukuta wa nyuma hapa na pale tu. Ndani ya ukuta humohumo zimelazwa mbao za kuufunga pamoja, na ncha za boriti za sakafu zimeingizwa katika matofali.

Ukuta wa namna hii hautulii. Msingi wake ni wa kina kifupi, na udongo wa mfinyanzi wa London huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi kikiwa kikali. Mota ya chokaa inaufuata ukuta: mwendo mdogo hugawanyika katika viungo mamia, na nyufa nyembamba huweza kujiziba zenyewe, maana maji huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena ndani ya ufa. Saruji haipindi. Mwendo ukija hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hupasua tofali.

Lakini jambo linalostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni maji. Mvua huingia ukutani, hilo halizuiliki. Swali ni yatokee wapi. Kiungo cha chokaa kina matundu mengi kuliko tofali, kwa hiyo maji hutoka kupitia kiungo, na chumvi yake hukauka humo humo. Kiungo ndicho kinacholika, na baada ya miaka mingi hujazwa upya. Ukikiziba kwa saruji, njia inayobaki ni tofali lenyewe. Chumvi hujenga fuwele nyuma ya uso wake, barafu ya Januari hulisukuma kutoka ndani, na uso hubanduka kama ganda la yai. Ukuta uliofikia hapo unatambulika ukiwa ng'ambo ya barabara: mistari ya saruji imesimama mbele kama mbavu, matofali yamerudi nyuma. Usioyaona ni mabaya zaidi, kwa sababu ncha za boriti zinakaa katika unyevu usiotoka, na zinaoza kimyakimya. Mafundi wa Mji Mkongwe Unguja na wa Lamu hawahitaji kuelezwa haya. Wameona lipu ya saruji ikianguka vipande vipande kutoka kuta za mawe na chokaa.

Upande wa saruji nao una lake. Watetezi wake hukumbusha kwamba James Parker alisajili saruji yake ya kuganda haraka mwaka 1796, kwa hiyo zama zile hazikuwa za chokaa tupu. Ni kweli, ila ilitumika zaidi katika lipu za nje na mapambo, na saruji ya Portland haikusajiliwa na Joseph Aspdin hadi 1824. Hoja yao yenye uzito ni nyingine: chokaa iliyofanywa vibaya ni hasara tupu. Fundi asiyeizoea huitia kwenye kiungo kikavu, tofali likanyonya maji yake yote, na mota ikabaki unga. Au huifanya Novemba, ikagandishwa na baridi kabla haijashika.

Kwa anayeichagua, kazi ni hii. Kwangua kwa tindo nyembamba (grainda hukata kingo za matofali) hadi kina cha mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 20. Osha vumbi, lowanisha. Changanya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali. Chokaa inayoganda kwa maji huuzwa kwa namba 2, 3.5 na 5, yaani kiwango cha chini cha nguvu yake baada ya siku 28; namba 5 kwa matofali laini ni saruji iliyobadilisha jina. Usiongeze kiganja cha saruji "kuitia nguvu". Shindilia kwa mwiko mwembamba, ikianza kukaza ipigwe kwa brashi ngumu, kisha ifunikwe magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa. Joto likishuka chini ya digrii 5, acha.

Kabla ya hayo yote, panda juu. Paa nyingi za nyumba hizi zimefichwa nyuma ya ukuta wa mbele, na gata inapita katikati ya miteremko miwili. Kiota cha njiwa kikiiziba, ukuta utalowa hata ukijazwa chokaa ya dhahabu.

Na pale ambapo saruji ya zamani imeng'ang'ania, kuing'oa hung'oa na kingo za matofali. Hiyo iachwe mpaka ilegee yenyewe. Iondolewe tu ile inayotikisika ukiigusa kwa ncha ya tindo.