Kadi ya Njano Kabla ya Mechi

Nimetoka kwa kijana wa magari ya kukodi Area C sasa hivi, na asiniulize mtu nimefikia wapi.

Shemeji yangu anaoa Nairobi, familia ikakaa kikao, mimi nikateuliwa mweka hazina wa safari. Nikanunua daftari jipya, nikapiga mistari kwa rula. Dodoma hadi Nairobi kupitia Kondoa, Babati, Arusha na Namanga ni kama kilomita 700. Kwenda na kurudi 1,400. Noah tuipe lita moja kwa kilomita kumi: lita 140, kila lita 3,000, jumla 420,000. Mama watoto akasoma, akasema, "Hujaweka maji." Nikamjibu kwamba hii ni bajeti, si karatasi ya kumtuma mtoto dukani.

Kijana akanipokea kwa shikamoo nzito. Noah laki moja kwa siku. Nikatabasamu, maana ndivyo nilivyoandika.

"Mzee unaelekea wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema Nzuguni.

"Nairobi."

Akavua miwani. Kumbe laki ni ya humu mjini. Ukitoka mkoa, laki na nusu. Ukivuka mpaka, laki mbili na nusu. Nikamuuliza, gari litajuaje kuwa limevuka mpaka? Matairi si ni yale yale?

"Gari haijui, mzee. Mimi najua." Akanionyesha simu, kidoti kinatembea kwenye ramani. "Ukisimama Kolo kununua mahindi, nakuona."

Dereva lazima awe wake, ale na kulala kwa pesa yangu. Mshale wa mafuta utaukuta umelalia kwenye nyekundu, urudishe tenki limejaa. Halafu makaratasi: nakala ya kadi ya gari, barua ya mwenye gari ya kuruhusu livuke, mambo ya forodha, na kadi ya njano. Kusikia njano nikafufuka. Nikachomoa kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano kwa mbwembwe, nikailaza mezani.

"Hii ni ya kwako, mzee. Nasema ya gari."

"Gari nalo linadungwa sindano?"

Kumbe ni bima ya COMESA, ukigonga cha mtu huko ng'ambo ndiyo inayokutetea. COMESA yenyewe, ule umoja wa kibiashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tulishatoka tangu 2000, ila kadi yao tunailipia mpaka leo, kama mtu aliyeachana na mke lakini king'amuzi cha kule bado analipia yeye.

Nikasema basi, kwa heshima, twende tukalikague gari. Nikahesabu mikwaruzo kumi na moja. Yeye akasema tisa. Tukalizunguka upya, wawili, vidole mbele kama waliopoteza sindano. Ugomvi ukawa kwenye bampa la nyuma: ule mkwaruzo ni mmoja uliokatika katikati, au ni miwili iliyokutana? Akaitwa fundi wa jirani. Fundi akachuchumaa, akafikiri, akasema inategemea nani anauliza. Na amana laki tano, ikizidi mkwaruzo mmoja siioni tena!

Nikafungua daftari pale pale, juu ya boneti. Siku nne ni milioni moja, na hapo sijaweka dereva, sijaweka kadi ya njano, sijaweka tochi za trafiki kwenye hamsini za vijijini, elfu thelathini kila ukinaswa. Maji kweli sikuweka. Mshahara wangu mnaujua. Nimeitwa mweka hazina, hazina yenyewe iko wapi? Na huyu shemeji, kweli alipita Chamwino yote, akapita Bahi, akapita Kongwa, akakosa mtu? Kongwa nzima!

Kijana akaniambia, "Mzee, kuna basi."

Nikapanda daladala kwa hasira. Konda hana chenji, akatupa noti moja ya 5,000 mimi na mama mmoja mwenye kikapu: "Mtagawana hapo chini." Chini tumefika, mama kaishika noti, kasema anaivunja sokoni. Basi niko nyuma yake hapa Majengo, daftari kwapani. Anachagua mlenda mkavu. Hili ni fungu la sita, na kila fungu lazima alinuse kwanza.