Mwanagenzi wa Lifti na Aanzie Mlangoni

Nilipoingia katika kazi ya lifti nikiwa na umri wa miaka 21 na cheti cha umeme wa majumbani, mahali pa kwanza nilipoonyeshwa palikuwa chumba cha mashine. Fundi mkuu alinipandisha hadi kwenye paa la jengo moja la Upanga, Dar es Salaam, akafungua mlango wa chuma, akanionyesha mota, gurudumu la kamba, breki na kabati la kontrola, yaani kifaa kinachoiongoza lifti, lenye taa ndogondogo zinazowaka na kuzima, nami nikaamini kwamba hapo ndipo ufundi wote ulipo. Siku hiyohiyo alizima umeme mkuu, akaniambia niachie breki taratibu kwa mkono huku mtu mmoja akiwa ndani ya kabini, kisha akaniuliza kabini itakwenda wapi. Nilijibu bila kusita kwamba itashuka. Ilipanda. Uzito wa kusawazisha ulioko upande wa pili wa kamba hupimwa ulingane na kabini pamoja na takriban nusu ya mzigo wa juu kabisa inaoruhusiwa kubeba, kwa hiyo kabini yenye mtu mmoja huwa nyepesi kuliko uzito huo, na breki ikiachiwa huvutwa juu.

Somo lile lilinifurahisha mno, na bado huwasimulia watu wanaodhani kwamba umeme ukikatika lifti itaporomoka, ilhali breki ya lifti hufunguliwa na umeme na hufungwa na springi, hata umeme ukikatika ndipo inapobana. Hata hivyo, baada ya miaka kumi na zaidi katika kazi hii, nimefikia maoni kwamba kuanzia kule juu ni kumpotosha mwanafunzi. Mwanagenzi wa lifti anapaswa kuutumia mwaka wake wa kwanza, karibu wote, kwenye milango.

Chukua jengo la ghorofa 12 lenye lifti moja. Lina mota moja, breki moja na kontrola moja, lakini lina milango 12 ya ghorofani na mmoja wa kabini, na kila mmoja una roli zake, reli yake ya juu, kizingiti chenye mfereji, kufuli lenye ndoana, pamoja na kontakti ya umeme inayoiarifu kontrola kwamba mlango umefungwa. Chumba cha mashine chenyewe kinazidi kutoweka. Tangu kampuni ya KONE ya Finland ilipoleta lifti isiyohitaji chumba hicho mwaka 1996, majengo mapya mengi huiweka mota ndani ya shimo la lifti, na kontrola hupachikwa kwenye kabati jembamba pembeni mwa mlango wa ghorofa ya juu. Milango haijapungua hata mmoja.

Hofu ya watu kuhusu kamba kukatika ilipata jibu zamani sana. Mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likashuka kidogo tu kabla ya kunaswa na breki alizozibuni. Lifti za leo zina kamba kadhaa, na zina gavana, yaani kidhibiti mwendo, ambacho kabini ikizidi kasi yake huziamuru breki za dharura zing'ang'anie reli. Kifo cha kamba kukatika ni nadra mno. Katika kazi hii watu hufa kwa kuanguka shimoni kupitia mlango uliofunguka pasipo kabini nyuma yake, au kwa kubanwa na kabini iliyoondoka wakati haikutazamiwa kuondoka. Yote mawili ni mambo ya mlango, na fundi huyakabili kila siku akiwa na ufunguo wa pembetatu mfukoni, ufunguo unaoweza kufungua mlango wowote wa ghorofani hata kama kabini iko ghorofa tisa juu.

Kwa hiyo ninaposema mwanagenzi aanzie mlangoni, simaanishi apewe ufagio afagie mifereji ya vizingiti. Hilo tayari linafanyika kila mahali. Kijana hukabidhiwa brashi na kitambaa kwa sababu mlango huhesabiwa kuwa kazi ya uchafu, naye huisafisha miezi sita bila kuambiwa anasafisha nini. Ninachodai ni kwamba afundishwe mlango kama somo kamili. Aelewe kwamba ndoana ya kufuli, kwa mujibu wa viwango vya Ulaya ambavyo lifti nyingi tunazoletewa hujengwa kuvifuata, lazima iwe imeingia angalau milimita 7 kabla ya kabini kuruhusiwa kuondoka, na aweze kuipima mwenyewe badala ya kuitazama kwa macho na kusema iko sawa. Aelewe kwa nini mlango wa ghorofani hauna mota, bali husukumwa na ule wa kabini, na kwa nini una springi au uzito mdogo wa kuurudisha pale kabini inapokuwa haipo.

Umeme nao utajifunzika hapohapo, tena vizuri kuliko kwenye kabati. Kontakti za milango yote zimeunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, katika ule unaoitwa mnyororo wa usalama, kiasi kwamba kontakti moja ikiachia, lifti nzima husimama. Mwanagenzi asiyefundishwa huanzia ghorofa ya chini, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine hadi jua litue. Aliyefundishwa hupima katikati ya mnyororo, akajua hitilafu iko nusu ya juu au nusu ya chini, kisha huigawa nusu hiyo tena. Kwa milango 16, vipimo vinne vinatosha kuupata mlango mbovu. Nililijua jambo hili katika mwaka wangu wa tatu, na nililigundua kwa uchovu, kwa kuwa hakuna aliyenieleza.

Pia kuna mambo ya mji wetu ambayo hayamo katika vitabu vya kampuni yoyote. Dar es Salaam ina mchanga unaoingia kwenye mfereji wa kizingiti na viatu vya kila mpangaji, na ina hewa ya chumvi inayokula kontakti polepole, hasa katika majengo yaliyo karibu na bahari, hata lifti inaanza kusimama mara moja kwa wiki bila sababu inayoonekana. Wasafishaji hupiga deki wakasukumia maji mlangoni, maji yakatiririka shimoni. Kariakoo nimekuta mlango umezuiwa kwa robota la nguo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na mwenye robota akashangaa kuambiwa kwamba ameuumiza. Fundi anayeujua mlango huzungumza na watu hawa wote, na mwanagenzi anayesimama naye pale hujifunza namna ya kuzungumza na mlinzi, mama wa usafi na mwenye jengo, elimu ambayo chumba cha mashine hakiwezi kumpa kwa kuwa kule hakuna mtu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanigusa binafsi. Nikiwa na miezi 14 kazini, tuliitwa kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa ikikwama. Ili kutafuta mlango wenye hitilafu, fundi mkuu aliunganisha kwenye kontrola kipande cha waya ambacho sisi hukiita jampa, chenye kazi ya kuziruka kontakti za milango ya ghorofani ili kabini iweze kusogezwa kwa mwendo wa polepole wa ukaguzi. Tuliipata kontakti chafu ghorofa ya tatu, tukaisafisha. Simu ikalia, kuna watu wamekwama kwingine, naye akashuka haraka akaniagiza nifunge kabati na kuirudisha lifti kazini. Nilifanya hivyo. Nilikuwa tayari ndani ya daladala nilipofungua begi kutafuta nauli na kuona jampa mbili, ilhali asubuhi tulitoka na tatu.

Nilishuka kituo kilichofuata na kurudi kwa miguu, sehemu ya njia nikikimbia. Lifti ilikuwa ikifanya kazi, abiria wakipanda na kushuka, na kwa saa nzima hivi hapakuwa na kitu cha kuizuia kuondoka hata kama mlango wa ghorofani haukufungwa. Mlinzi aliniambia, kwa sauti ya mtu anayelalamikia jambo dogo, kwamba mlango wa tatu ulikuwa ukibaki wazi upana wa vidole vitatu na lifti ikaondoka hivyohivyo. Niliizima, nikaichomoa jampa, nikakaa kwenye ngazi hadi mikono ilipoacha kutetemeka. Kesho yake nilimweleza fundi mkuu, akacheka kwa upole na kusema kila fundi amewahi kuisahau moja. Katika kampuni ile, ambayo sitaitaja, habari hiyo iliishia hapo, na hakuna neno lililoandikwa popote.

Simlaumu mzee yule sana, kwani yeye mwenyewe alifundishwa kwa kutazama. Lakini ni dhahiri kwamba kosa lile halikuwa la watu wawili wazembe wa Dar es Salaam peke yao. Kiwango cha Ulaya cha EN 81-20, kilichotolewa mwaka 2014, kinaitaka kontrola yenyewe iwe na kifaa maalumu cha kuziruka kontakti za milango, kifaa ambacho kikiwashwa huizuia lifti kuhudumia abiria, huruhusu mwendo wa ukaguzi tu, na hulia king'ora huku taa ikimulika chini ya kabini kila inaposogea. Watu hawawekewi sharti la namna hiyo bila sababu. Kwa bahati mbaya, majengo yetu yamejaa lifti zilizofungwa kabla ya hapo, na mwanagenzi wa leo atazihudumia hizo hadi atakapozeeka. Basi jampa za mwanagenzi ziwe na rangi kali, ziwe ndefu kiasi kwamba kabati halifungiki zikiwa ndani, ziwe na namba, na zihesabiwe mbele ya mtu wa pili kabla ya lifti kurudishwa kazini. Gharama yake ni waya wa mita chache.

Wenzangu wenye kampuni hunijibu kwamba mteja hulipia lifti inayotembea, wala hawezi kungoja kijana asomeshwe mlango mwaka mzima. Jibu langu ni kwamba miito mingi tunayoitikia ni ya milango, kwa hiyo kijana huyo ataanza kuleta faida mapema kuliko yule aliyepewa michoro ya mota asiyoigusa. Wengine husema vijana watachoka. Hapo wana haki kidogo, maana kijana anayelipwa nauli na chakula cha mchana tu atachoka na chochote. Marekani uanagenzi wa lifti huchukua miaka minne, na mwanafunzi hulipwa mshahara unaopanda kadiri anavyoendelea. Sisi tunao utaratibu wa uanagenzi wa kugawa muda kati ya chuo na mahali pa kazi chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na neno lenyewe la uanagenzi ni la Kiswahili chetu, ila waajiri wengi wa fani hii hulitumia kwa maana ya kibarua wa bei nafuu. Ningependa kila mwanagenzi awe na daftari ambamo kila kazi aliyoifanya kwa mikono yake, tofauti na aliyoitazama, inaandikwa na kusainiwa, na asipelekwe peke yake usiku kuwatoa watu waliokwama hadi daftari hilo lionyeshe amekwisha kufanya hivyo mara kadhaa akiwa na mkubwa wake.

Hata kupanda juu ya kabini, jambo ambalo kila kijana hulitamani, huanzia mlangoni. Unafungua kwa ufunguo, unasimama nje, unatazama kama kabini ipo kweli. Unanyoosha mkono kubonyeza kitufe cha kusimamisha, unaufunga mlango, unaiita lifti ili uhakikishe haiji. Kisha unajaribu swichi ya ukaguzi kwa namna hiyohiyo, peke yake, kabla ya kuweka mguu. Huchukua dakika mbili hivi, na nimeona mafundi wenye uzoefu wa miaka 20 wakiziruka.

Kijana ninayefanya naye kazi sasa ana miezi minane, na juzi aliniuliza kwa heshima, lakini kwa uso uliokunjamana, ni lini atapelekwa juu kuiona mota. Tulikuwa ghorofa ya saba, mlango ukisita kila unapokaribia kufunga. Nilimwambia atafute sababu kwanza. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mfereji, akatoa kifuniko cha soda kilichobanwa bapa, akakifuta kwa kitambaa na kukiweka mfukoni, kisha akatoa rula na kuipima ndoana bila kuambiwa. Ilikuwa milimita tano. Tukavua kufuli.