Meza za senti: bana karata, usibane dau

Ubishi wa poka ya mtandaoni kwenye vijiwe vya Dar huwa na kambi mbili: wanaosubiri karata nzuri na wanaovamia kila dau. Kwenye meza za chini kabisa, zile za blaindi (dau la lazima ambalo watu wawili huweka kwa zamu kabla ya kugawa) ya senti 1 na senti 2 za dola, naona kambi zote mbili zinaliwa.

Tuanze na msubiriji. Meza ya watu sita, kila mzunguko unamtoka senti 3 za lazima, acheze asicheze. Akikaa anatupa tu, migao 400 inamaliza dola 2 alizoingia nazo. Halafu kuna makato ya mwenye meza, mara nyingi karibu asilimia 5 ya pesa zilizo katikati. Mbaya zaidi, karata zake mbili za mkononi zikiwa A-A anafuata tu (analipa dau lililopo bila kuongeza) eti asiwashtue watu. Meza hizi watu hawashtuki!

Kuchagua karata ni sawa kabisa. Aliyekulia kwenye arubastini amezoea kucheza chochote alichogawiwa. Huku kutupa ni ruksa, na ni bure ukiwa nje ya blaindi. Ukiwa wa kwanza kuongea, jozi zote, A-J kwenda juu, K-Q, na picha mbili za alama moja (kopa na kopa, kwa mfano) zinatosha, takriban asilimia 11 ya migao. Ukiwa wa mwisho, panua hata mara tatu. Ila ukiingia, ingia kwa kuongeza: senti 6, na senti 2 zaidi kwa kila aliyefuata kabla yako.

Tuseme una A-K, unaongea wa mwisho, umeweka senti 6 na blaindi kubwa amefuata. Katikati kuna senti 13. Zinashuka mezani karata tatu za wote (flopu): K, 8, 4. Weka 9. Akifuata, katikati ni 31: karata ya nne weka 20. Inakuwa 71: ya tano weka 45. Mwenye K-10 atalipa zote tatu, na mwenye 8-7 atalipa angalau moja. Anayepita bila kuweka kitu ili "kumvuta" anajinyima hizo.

Mvamizi naye anaweka hizo senti 9 akiwa mikono mitupu. Ili asipate hasara, mpinzani lazima atupe zaidi ya mara 4 kati ya 10, na mchezaji wa senti 2 aliyeshika jozi hatupi kirahisi hivyo. Tishia mara moja tu, mbele ya mtu mmoja, kwenye flopu kavu, isiyoungana na karata nyingi, kama A-7-2. Akifuata, acha.

(Bando likiwa linaelekea ukingoni, usifungue meza nne. Mtandao ukikata, saa ya meza haikusubiri, na hata A-A zitatupwa.)

Na yule aliyekuwa anafuata tu tangu mwanzo, akigeuka ghafla kuongeza kwenye karata ya tano, tupa hiyo jozi yako ya K. Hapo hatishii.