Civita di Bagnoregio: Kijiji Kinachotoza Kiingilio

Tangu Juni 2013, mgeni anayekwenda Civita di Bagnoregio, kijiji cha kilimani kaskazini mwa Roma, hukata tiketi kabla ya kuvuka daraja. Bei ilianza na euro 1.5, baadaye ikafika 5. Wakazi wa kudumu ni wachache mno, na wanaopinga kiingilio husema watalii ndio waliowafukuza wenyeji, tena wanauliza: tangu lini mtu akatozwa kupita mtaani ambako wengine wanaishi?

Ili kulijibu swali hilo, uangalie kwanza kilima chenyewe. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walijenga hapa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, juu ya mwamba laini wa majivu ya volkano. Mwamba huo unachongeka kirahisi, ndiyo maana chini ya nyumba kuna mapango yaliyotumika kuhifadhia divai na kukamulia zeituni. Shida iko chini yake: mfinyanzi uliotuama enzi eneo hili lilipokuwa bahari. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, mfinyanzi hulowa na kuteleza, huku vijito vya bondeni vikiula mguu wa kilima. Mfinyanzi ukiondoka, ukingo wa mwamba hubaki hauna egemeo, hupasuka wima, na kipande kizima huporomoka na kilichojengwa juu yake. Karibu na lango kuna jumba la kale lililobaki ukuta wa mbele tu. Ukichungulia dirishani unaona anga, kwani vyumba vya nyuma vilishaanguka bondeni. Nyumba alimokulia Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia wa karne ya 13, nayo ilikwenda hivyohivyo.

Basi watalii hawakuwafukuza wenyeji. Tetemeko la 1695 ndilo lililomhamisha askofu na watawala kwenda ng'ambo ya bonde, kwenye mji wa Bagnoregio ambao halmashauri yake inakisimamia kijiji hiki, na watu wakawafuata. Daraja la zege la waenda kwa miguu, lenye urefu wa mita 300 hivi, lilijengwa 1965, wakati waliobaki walikuwa wameshapungua sana.

Hata hivyo wapinzani wana haki kwa jambo moja. Waliotarajia kiingilio kingepunguza msongamano walikosea kabisa: tiketi yenyewe iligeuka tangazo, na kabla ya korona wageni walifikia mamia ya maelfu kwa mwaka. Nyumba inayoweza kukodishwa kwa mtalii haitapata mpangaji wa kudumu kwa bei ya kawaida, na anayetaka daktari au shule bado lazima avuke daraja.

Upande wa pili kuna fedha, na hilo si dogo kwa halmashauri ndogo kama hii. Bagnoregio iliweza hata kuwaondolea wananchi wake kodi za halmashauri. Hapo ndipo ninapokunja uso. Nafuu hiyo inawapendeza wapiga kura wa ng'ambo, ilhali kilima kinadai matengenezo yasiyoisha: kufunga mwamba kwa vyuma, kuyaelekeza maji ya mvua mbali na nyufa, kuziba mapango yanayodhoofika, na kupima mteremko kila msimu.

Nakiunga mkono kiingilio, ila si kama dawa ya msongamano. Njia ya kuingilia ni moja na tiketi zinahesabika, kwa hiyo idadi ya watu kwa saa inaweza kuwekewa kikomo bila kugusa bei. Venice, iliyoanza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 mwaka 2024, haina mlango mmoja wa namna hiyo.